Uso wa Saa ya Zamani: Wa Asili au Umepakwa Upya?

Kwenye uso wa saa ya mkono ya zamani, maandishi hukaguliwa kwanza. Chini ya lenzi, herufi za kiwandani zina kingo kali. Zilizochapwa upya mara nyingi huvimba au kupinda. Madoa ya uzee si kasoro. Cha kutilia shaka ni uso unaometameta ndani ya kasha lililochakaa.

Rangi ya kung'aa gizani husema zaidi. Hadi miaka ya 1960 ilitiwa rediamu, ambayo nyingi ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Rediamu hupungua nusu kwa miaka 1,600, lakini salfaidi ya zinki inayotoa mwanga huchakaa mapema. Saa ya 1950 inayowaka usiku kucha imepakwa upya. Rangi hiyo isikwanguliwe kamwe. Vumbi lake lina mnururisho.