Moshi Usoni: Ngozi Yetu na Hewa Tunayoishi Nayo



Kina mama wengi huja kliniki ya ngozi na madoa ya kahawia mashavuni, wakiwa wamekwisha kuambiwa kwamba ni umri au ni jua. Jua lina mchango mkubwa, silikatai. Lakini mama lishe anayeinamia jiko la mkaa kando ya kituo cha daladala tangu alfajiri ana adui wa pili: moshi.

Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa wanawake 400 wenye umri wa miaka 70 hadi 80, wa eneo la viwanda la Ruhr na wa vijijini. Kadiri masizi na moshi wa magari ulivyozidi, madoa usoni yaliongezeka kwa takriban asilimia 20. China nako, kupikia kuni na makaa ya mawe kulihusishwa na makunyanzi ya uso na ya mgongo wa mkono. Ngozi yetu nyeusi huweka rangi upesi ikichokozwa. Sioni kwa nini isalimike.

Chembe nyingi za moshi hazizidi mikroni 2.5, na unywele una mikroni 70 hivi. Hubeba kemikali za masizi zinazoyeyuka kwenye mafuta, na uso una mafuta. Zikipenya, seli hulazimika kutengeneza melanini zaidi na kuvunja kolajeni inayoikaza ngozi. Jua likiziwakia, ukali wa kemikali hizo huongezeka.

Kinachoniuma ni hatua inayofuata. Doa likitokea, duka la vipodozi liko karibu kuliko daktari. Mkorogo wenye zebaki, hidrokwinoni au steroidi hufifisha doa kwa muda, huku ukidhoofisha ngozi ile ile inayopaswa kuuzuia moshi. Baadaye doa huweza kurudi likiwa jeusi kuliko mwanzo.

Kinga ya kila siku haina gharama kubwa. Jioni nawa uso kwa vidole na sabuni laini. Dodoki na sabuni ya mche, mpaka uso ukakamae, huondoa mafuta yanayoilinda ngozi. Uso ukiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando kidogo. Mchana kofia pana au mwavuli, na mafuta ya kukinga jua kwa anayeyamudu.

Ila hakuna krimu inayoshinda saa kumi za moshi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mimi nauhesabu kuwa tiba ya ngozi pia.

Nanyi wanafunzi wa udaktari, mkimpokea mgonjwa mwenye madoa, kabla ya kushika kalamu kuandika dawa, muulizeni anapikia nini, anapikia wapi, na hukaa hapo kwa saa ngapi.