Nakala ya Kwanza Haikatwi

(Hotuba ya kikundi cha kurekodi, Sherehe ya Jubilii ya Kwaya, Jericho)



Tumeombwa tueleze tulivyoziingiza kaseti za zamani kwenye kompyuta. Tutaanza na kosa letu.

Mkanda wa kaseti ya kwanza ulikuwa umechoka. Wimbo uliingia mara moja, kisha mkanda ukakatika. Mwanzoni mlikuwa na sekunde chache zisizo na wimbo: mtu anakohoa, viti vinasogezwa, matatu inapiga honi. Tulizisikiliza kwa spika ndogo za kompyuta, tukaziona ni kelele tu. Tukazikata, tukahifadhi juu ya faili ile ile, tukafunga programu.

Jioni mama mmoja wa sauti ya alto aliusikiliza wimbo akauliza, "Na mwalimu yuko wapi?" Kumbe katika sekunde zile marehemu mwalimu wetu alikuwa akitoa noti: do, mi, so, do. Sauti yake ilikuwa chini, nyuma ya honi. Hatukuweza kuirudisha.

Wazee wetu walijua kujikinga. Mgongoni mwa kaseti kuna vidude viwili vidogo vya plastiki. Ukivunja kimoja, redio haikubali kurekodi upande wake. Anayetaka kurekodi tena sharti azibe tundu kwa selotepu. Hapo amekusudia.

Kompyuta nayo ina kinga. Katika programu nyingi za studio, ukikata klipu hujaigusa faili yenyewe. Programu inakumbuka tu: anzia hapa, ishia hapa. Ukivuta ncha ya klipu, sauti inarudi. Unaweza pia kuifunga klipu isisogezwe wala kukatwa kwa bahati mbaya. Lakini kufuli hiyo ni ya ndani ya programu. Faili bado inaweza kufutwa kwenye diski. Na ukiagiza mkato uandikwe ndani ya faili, ukahifadhi na kufunga, hakuna ncha ya kuvuta tena.

Mkato wa kudumu una mahali pake. Wimbo mtakaotumiwa kwa simu lazima uwe umekamilika. Ila sasa tunaufanya kwenye nakala yenye jina jipya, baada ya wanakwaya wa zamani kuusikiliza wote. Nakala ya kwanza haikatwi, na inakaa katika flashi mbili, nyumba mbili tofauti. Hatuna kisingizio cha nafasi: dakika moja ya sauti ya kiwango cha CD ni kama MB 10, na flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 40.

Wenye kaseti nyumbani, tunawaomba mtuletee. Msizisafishe wala msichague nyimbo. Tuleteeni zote.

Leo, kabla ya wimbo wa kwanza, tutawachezea sekunde chache kutoka kaseti nyingine. Mtasikia honi, mtasikia kikohozi, kisha mtamsikia mwalimu. Soprano, alto, tena na besi, chukueni noti kwake.