Pointi za Usafi

Leo tunazungumza na vijana wa mpira wa Isikizya na kote Uyui.

Mwaka 1987 huko Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana, MYSA. Takataka zilikuwa zimejaa mtaani, hivyo ukawekwa utaratibu: timu ikishinda mechi inapata pointi, na ikifanya usafi inapata pointi vilevile, kwenye msimamo uleule wa ligi. Hebu fikiria! Mnafunga mabao, lakini msiposhika koleo na toroli, wenzenu wanawapita. Timu kubwa iliyozaliwa humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Kinachonigusa zaidi katika MYSA ni vijana wenyewe kushika uongozi.

Viongozi wa timu zetu, utaratibu huu wa pointi za usafi unawezekana hapa. Tafuteni daftari la pointi, mafyekeo, makoleo, na mwenyekiti wa kitongoji wa kuhakiki kazi. Anzeni na njia ya kisimani au mazingira ya zahanati, kabla mvua hazijaanza. Wasichana wasiachwe nje. Afisa michezo wa halmashauri mtamkuta hapo hapo Isikizya. Nendeni mkamwone wiki hii.