Dawa ya Magugu Haigawanywi kwa Chupa ya Soda

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi)

Wengine mmeteremka kutoka Wundanyi na Mwatate, wengine mmetoka Taveta, kwa hivyo sitawachosha. Mliomba tuzungumze juu ya dawa ya magugu. Naelewa. Vijana wameenda Mombasa kutafuta kazi, jembe limebaki kwa mama, na ndago na sangari hazimngoji mtu.

Naanza na jambo linalohusu vikundi hasa. Wanachama wanachanga pesa, wananunua jerikeni moja kubwa kwa sababu bei yake ni nafuu. Hapo mmefanya vizuri. Halafu jerikeni inafunguliwa chini ya mwembe, na kila mmoja anapimiwa fungu lake katika chupa ya soda. Hapo ndipo hatari inapoingia. Lebo imebaki kwa mweka hazina. Kule nyumbani chupa imewekwa chini ya kitanda, na mtoto ametoka shule na kiu. Ikiwa dawa hiyo ni parakwati, funda moja tu laweza kumwua. Huharibu mapafu, na hakuna dawa ya kuivunja nguvu ikishaingia mwilini. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Mimi nasema kikundi kisiinunue kabisa.

Mtu akimeza dawa yoyote ya magugu, msimtapishe, wala msipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo chenye lebo, daktari ajue anapambana na kitu gani. Chupa ya soda haitamwambia lolote.

Sasa tufanyeje? Msigawane dawa, gawaneni kazi. Dawa ikae katika chombo chake, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na chakula. Chagueni watu wawili wafundishwe na afisa wa kilimo, wazunguke shamba kwa shamba kwa zamu. Kina mama wajawazito na watoto wasiguse kazi hii. Mkinunua, tazameni kama lebo ina nambari ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa hizi. Kama haina, rudisheni.

Wengi hulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Mara nyingi kosa ni wakati. Glaifosati huingia kwa majani mabichi na kushuka hadi mizizini. Gugu lililojaa vumbi na kunyauka kwa jua la Voi halinywi dawa. Ngojeni mvua inyeshe, magugu yachipue vizuri, ndipo mpige, siku ambayo mvua haitarajiwi kwa saa kadhaa. Maji yawe safi, maana udongo ulio ndani ya maji machafu huikamata dawa ikakosa nguvu. Baada ya hapo, subira. Siku ya tatu ukiona majani bado ni mabichi, usirudie! Huchukua wiki moja au mbili. Ndago ni sugu zaidi, itachipua tena na itahitaji kupigwa tena au kung'olewa.

Glaifosati haichagui. Mahindi yakiguswa yatakufa pamoja na magugu, kwa hivyo ni dawa ya kusafisha shamba kabla ya kupanda. Iko nyingine, 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi. Lakini sisi tunachanganya mahindi na kunde, pojo au maharagwe, nayo yana majani mapana! Mwenye shamba la mchanganyiko asiiguse. Na upepo ukiipeleka kwenye nyanya za jirani, jamani, hiyo ni kesi kwa mzee wa mtaa.

Kipimo pia si cha kukisia kwa kifuniko. Jazeni pampu maji matupu, nyunyizeni kipande cha mita 10 kwa 10 kwa mwendo wa kawaida, kisha mpime maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 2. Ekari moja ina vipande kama 40 vya namna hiyo, kwa hivyo inahitaji lita 80, yaani pampu 4 za lita 20. Kama lebo inasema lita 1 ya dawa kwa ekari, kila pampu itapata robo lita. Ukizidisha umeunguza pesa, ukipunguza magugu yatacheka.

Mwenye kupiga avae buti, glavu za mpira, shati la mikono mirefu na miwani, hasa wakati wa kupima, maana dawa ambayo haijachanganywa ndiyo kali zaidi. Suruali iwe juu ya buti. Apige asubuhi kabla upepo haujaamka. Mdomo wa pampu ukiziba, asiupulize kwa kinywa. Jerikeni ikiisha isuuzwe mara tatu, maji hayo yamwagwe ndani ya pampu yatumike shambani, kisha itobolewe. Haifai kuteka maji hata ikioshwa kwa sabuni. Wala pampu isioshwe mtoni. Ninyi wa Wundanyi mnajua maji ya milimani hayabaki huko, Mto Voi unatoka kwenu, na kuna ng'ombe wanaounywa huku chini.

Wiki ijayo tutafanya zoezi la kupima. Kila kikundi kije na pampu, kamba ya mita 10 na maji. Dawa iacheni nyumbani, ikiwa imefungiwa.