*KURA 193: MANENO YA MWENYEKITI KWENYE KIKAO CHA TAWI*

Kwa waliokosa kikao cha Jumapili, haya ndiyo aliyosema Mwenyekiti wetu. Someni hadi mwisho.

Ndugu zangu, mama zangu, vijana wangu,

Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu wengi: "Mwenyekiti, mahakama itatusaidia nini?" Nitawajibu kwa habari ya majirani zetu wa bahari hii hii, Shelisheli.

Ni nchi ya visiwa yenye watu laki moja na ushee. Mahakama yake ya juu kabisa ni Mahakama ya Rufani. Kwa kuwa nchi ni ndogo na watu wanajuana, Katiba yao ya 1993 inaruhusu hata majaji wa kutoka nje kuteuliwa kwa muda maalumu.

Desemba 2015 walipiga kura ya Rais duru ya pili. James Michel, wa chama kilichoshika nchi tangu 1977, alipata kura 31,512. Mchungaji Wavel Ramkalawan wa upinzani alipata 31,319. Tofauti ni kura *193*. Watu hao wanaenea kwenye mabasi matatu.

Upinzani ukaenda Mahakama ya Katiba. Walidai taratibu zilikiukwa. Walidai pia kwamba kura zilizoharibika zikijumlishwa, Michel hafikishi nusu. Mei 2016 kesi ikatupwa. Wakakata rufaa, na mshindi akabaki yuleyule.

Hapo wengi wetu tungekunja jamvi. Wao walirudi mitaani kuomba kura. Septemba mwaka huohuo walichukua viti 19 kati ya 33 vya Bunge. Mwezi uliofuata Michel akajiuzulu. Oktoba 2020 Ramkalawan, aliyekwisha kushindwa mara tano, akashinda Urais kwa asilimia 54.9. Mwaka 2025 naye akashindwa na Patrick Herminie, akaondoka.

Ndugu zangu, mahakama haikuwapa kiti. Iliwapa mahali pa kusema malalamiko yao hadharani, kwa hoja, na kujibiwa kwa hukumu iliyoandikwa. Mtu aliyesikilizwa ana nguvu ya kurudi kazini. Aliyefungiwa mlango hubaki na kinyongo.

Sasa tuje kwetu. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo tukidai kibadilishwe, si uchochezi. Tudai kwa sauti ya kistaarabu, na tusichoke.

Lakini tuwe wakweli. Mlango wa ubunge na udiwani uko wazi, na sisi tumewahi kuingia mikono mitupu. Mnaukumbuka ule udiwani. Mawakala wetu wawili waliondoka kituoni kabla ya kuhesabu kwa sababu ya njaa. Nakala moja ya fomu ya matokeo ililoa mvua mfukoni. Wakili alipotuuliza, "Ushahidi uko wapi?" tulitazamana. Siwalaumu vijana wale. Nalilaumu tawi, na mimi ndiye kiongozi wake. Hakuna jaji anayeweza kupima kitu ambacho hatukukileta.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi:

1. Kila kituo kitakuwa na wakala na wa akiba, watakaofundishwa mapema.
2. Chakula na nauli yao vitatoka mfuko wa tawi. Mchango unaanza wiki hii kwa Mweka Hazina, na kila mtu achukue stakabadhi.
3. Wakala haondoki bila nakala ya fomu iliyosainiwa. Aipige picha, aitume kwa Katibu usiku uleule.
4. Kila balozi wa shina aorodheshe wapiga kura wake, nyumba kwa nyumba.

Ramkalawan alikosa kura 193 katika nchi nzima. Kata yetu peke yake ina nyumba ngapi ambazo hatujawahi kubisha hodi?



_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi. Wafikishieni wanachama wasio na simu._