Mpini uujue mkono



Waswahili husema mchagua jembe si mkulima. Juma hili naomba ruhusa ya kubishana nao kidogo, na shahidi wangu ni mzee mmoja mvuvi wa Ifakara.

Nilimkuta kandokando ya Mto Kilombero, si mbali na daraja lililofunguliwa mwaka 2018, pale ambapo zamani tulikuwa tukisubiri pantoni. Mimi nilikuwa na ufito wa dukani wenye mpini mnene uliovikwa sponji. Yeye alikuwa na mwanzi. Ilipofika adhuhuri alikuwa na perege saba na kambale wawili. Mimi nilikuwa nimewalisha samaki chambo changu chote.

Akauomba ufito wangu, akaulaza juu ya mkono mmoja kama mtu anayepima mzani. Ncha ikazama chini papo hapo.

"Mwanangu, huu unavuta mbele," akasema. "Kiganja chako kina kazi ya kuubeba. Kitasikia saa ngapi? Na godoro hili la nini? Perege hagongi mlango. Anabisha hodi kwa ukucha."

Ndivyo ilivyo. Samaki anapogusa ndoana, mtikisiko hupanda kwenye mshipi, ukapita katika ufito hadi mkononi. Mpini laini huumeza mtikisiko huo njiani. Ndiyo maana mafundi wengi wa fito za bei hupenda gome la kizibo, ambalo ni jepesi na gumu kiasi, tena wengine huacha sehemu ya ufito wazi ili kidole kiuguse. Na ufito uliozidi uzito mbele huchosha kifundo cha mkono, na mkono uliochoka ni kiziwi.

Hapo ndipo nilipoitazama mikono ya mzee. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja, na vingine vilikuwa na makovu. Akaniambia bila kuficha kwamba aliugua ukoma na kutibiwa Nazareti, kituo ambacho watu wa Ifakara wanakijua vizuri. Alichelewa kwenda kwa kuona haya. Alikuja kujua viganja vimekufa siku aliposhika sufuria ya moto na kunusa nyama ikiungua kabla ya kusikia maumivu.

Sasa mtu asiyehisi kwa vidole anavuaje? Mwanzi wake haukuishia kiganjani. Ulirudi nyuma hadi karibu na kiwiko, ukashikwa na kitanzi kilegevu cha tyubu ya baiskeli, ili samaki mkubwa akivuta mkono uchomoke. Pale kiganjani alikuwa amezungushia vitambaa, kwa sababu mpini mwembamba humchubua asijue, na kidonda kikaoza. Lakini kwenye ngozi ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko, mwanzi ulikuwa mtupu. Huko bado anahisi. Na kile kipande cha nyuma kilikuwa kikipunguza uzito wa ncha. Kwa hiyo mzee alikuwa na kinga, mizani na masikio katika mwanzi mmoja, wala hakuna duka lililomuuzia.

Nimejifunza mawili. Kwanza, enyi mafundi wa majembe, mapanga na baiskeli, mkono wa mteja si wa aina moja. Muulize anashikaje kabla hujachonga mpini. Mkulima anayechagua jembe pengine ana sababu.

La pili ni zito zaidi. Ukoma bado upo, na unatibika. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa dawa zake bure tangu mwaka 1995, na tiba huchukua miezi 6 au 12. Ukiona mwilini baka lililofifia rangi ambalo halisikii mguso, nenda hospitali upesi. Dawa huua vimelea, lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kufa zamani haziufufui. Aibu ya siku moja mlangoni kwa daktari ni nafuu kuliko kiganja kisichojua moto.

Mzee aliniaga kwa kunipa perege wawili, ili nyumbani nisiulizwe maswali. Niliulizwa hata hivyo.

Tukutane juma lijalo.