Utafiti wa Maji Usiishie Kabatini



Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitoa ahadi kubwa kwa wananchi wa vijijini. Ilitangaza mpango wa miaka ishirini uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini awe anapata maji safi na salama mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mipango mikuu ya maji ya mikoa ilichorwa kwa msaada wa nchi rafiki: Ufini kule Mtwara na Lindi, Uswidi katika mikoa ya Ziwa, Denmark katika Iringa, Ruvuma na Mbeya, Uholanzi kule Shinyanga. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, pampu zikafungwa. Mwaka 1991 ukafika, na mama wa kijijini katika sehemu nyingi za nchi alikuwa bado anaamka alfajiri na ndoo kichwani kufuata maji ya mtoni.

Sababu zake zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Bei ya mafuta ilipanda kuanzia mwaka 1973, fedha za kigeni zikawa adimu, na pampu ya dizeli iliyokosa kipuri kimoja ikageuka pambo. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa vya kutosha. Mashine zilifika kijijini, ila elimu ya kuzitunza haikufika pamoja nazo. Kijiji kilipewa bomba, hakikupewa mtu anayejua maji yanatoka wapi, yanachafuka vipi na yanasafishwaje.

Basi ni haki kuuliza: Chuo Kikuu kilikuwa wapi? Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Jibu la swali hilo litawashangaza wengi. Chuo Kikuu kilikuwa kazini, na majibu kilichoyapata yalikuwa ya aina ambayo nchi isiyo na fedha nyingi ilikuwa inayahitaji.

Tuanze na mchanga. Njia mojawapo ya kale na ya kuaminika ya kusafisha maji ya kunywa ni kuyapitisha polepole katika tabaka nene la mchanga, maji yakishuka sentimita 10 hadi 20 tu kwa saa. Baada ya siku kadhaa, juu ya mchanga hujitengeneza utando mwembamba wenye uhai, uliojaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Viumbe hivyo huwala bakteria waletao maradhi. Hapo hakuna umeme wala dawa ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Anayefanya kazi ni kiumbe hai, naye hadai mshahara.

Nguvu ya mchanga ilithibitishwa kwa msiba. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg nchini Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umepakana kabisa na Hamburg, na wote wawili walikunywa maji ya mto Elbe. Tena Altona iliyachota maji yake chini ya Hamburg, baada ya mto kupokea uchafu wa jirani. Hata hivyo Altona ilipata wagonjwa wachache sana kuliko jirani yake. Tofauti ilikuwa moja: Altona iliyachuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikuyachuja.

Kwa nini basi machujio hayo yalishindwa katika vijiji vingi vya Tanzania? Kwa sababu mito ya Tanzania si mto Elbe. Mvua za masika zikianza, mto hubeba udongo wa mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko na maji huwa mekundu. Chujio la mchanga likipewa maji ya namna hiyo huziba katika muda mfupi. Mhudumu hulikwangua leo, likaziba tena wiki ijayo, hatimaye akachoka na kufungulia maji yapite pembeni bila kuchujwa. Katika viwanda vikubwa vya maji vya mijini tatizo hili huondolewa kwa shabu, ambayo hukusanya udongo ukatua. Lakini shabu hununuliwa, husafirishwa, na hutaka mtu wa kuipima kila siku.

Hapo ndipo watafiti wa Mlimani walipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakishirikiana na mtaalamu wa Uswisi, Martin Wegelin. Miongoni mwao alikuwa Tolly Mbwette, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Walichunguza chujio la kokoto linalotangulia lile la mchanga. Maji hupita humo kwa ulalo, kutoka kokoto kubwa za kiasi cha milimita 20 kwenda ndogo za milimita 4 hivi. Siri yake ni nyepesi kueleza. Katika tangi la kawaida, chembe ya udongo yapasa ishuke mita moja au mbili ndipo itue chini. Katikati ya kokoto, chembe hiyo hiyo hushuka milimita chache tu ikatua juu ya jiwe. Kila jiwe limekuwa sakafu ya tangi dogo. Maji yanapofika kwenye mchanga, sehemu kubwa ya udongo imekwisha kubaki nyuma.

Wako wanaobeza mambo haya wakisema kwamba mchanga na kokoto ni ufundi wa maskini. Hao wafahamu kwamba hata leo maji mengi ya jiji la London hupita katika machujio ya mchanga ya namna hii. Na huyo huyo Mbwette, alipokwenda kusoma London katika miaka ya 1980, alitafiti jinsi tabaka la kitambaa maalumu juu ya mchanga linavyoweza kupokea uchafu mwingi, ili chujio lichukue muda mrefu zaidi kabla ya kuziba. Swali lililozaliwa katika mito yenye tope ya Tanzania likachunguzwa katika maabara ya Uingereza. Haikuwa elimu ya kuombaomba.

Jambo la pili ni majitaka. Kipindupindu kilichoenea nchini katika miaka ya 1977 na 1978, na kile kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kikasambaa mikoani, vilifundisha somo moja: uchafu wa mtu mmoja ni maji ya kunywa ya mwingine. Kusafisha maji ya kunywa huku majitaka yakiachwa yaende yatakako ni kuteka maji kwa pakacha.

Katika mabonde ya Mlimani yako mabwawa yanayopokea majitaka ya Chuo chenyewe. Bwawa la kwanza huyatuliza, na bakteria huvunja uchafu pasipo hewa. Katika yanayofuata jua hukuza mwani mdogo wa kijani, mwani hutoa oksijeni, na bakteria wengine huitumia oksijeni hiyo kumaliza kazi. Mayai ya minyoo huzama, na mwanga wa jua huua vijidudu. Karibu na mabwawa hayo, kuanzia miaka ya 1990, watafiti akina Jamidu Katima, Mbwette na Karoli Njau, kwa ushirikiano na wataalamu wa Denmark akiwamo Sven Erik Jørgensen, walijaribu jambo ambalo mkulima wa bondeni angelitambua mara moja. Walitengeneza ardhioevu. Ni kitanda cha changarawe chenye kina kama cha sentimita 60, kimepandwa matete, na majitaka hupita chini ya uso wa changarawe ili mbu wasipate pa kuzalia. Mizizi na mawe huwa makazi ya bakteria wanaokula uchafu, na maji hutoka upande wa pili yakiwa mepesi na yasiyonuka kama yalivyoingia.

Elimu hii ndiyo iitwayo uhandisi wa ikolojia. Maana yake ni kujenga kwa kufuata kanuni za viumbe hai badala ya kushindana nazo. Haikubaki Mlimani peke yake. Ardhioevu za namna hiyo zilijengwa Iringa, katika Chuo cha Ualimu Kleruu na Shule ya Sekondari Ruaha, na vilevile katika Gereza la Shinyanga. Mjini Moshi, maji yatokayo katika mabwawa ya majitaka yametumiwa na wakulima wa mpunga. Hapo hapo ndipo inapoonekana kwa nini kipimo ni wajibu. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi katika kila mililita 100. Mkulima hawezi kuona bakteria kwa macho. Ofisa aliyepewa dhamana ndiye anayepaswa kuona kwa niaba yake.

Ndugu zangu, tufike sasa kwenye kiini cha mazungumzo haya. Mchanga, mwani na matete havidai mafuta wala vipuri. Lakini vinadai mlinzi. Utando wa juu ya mchanga ukiwa mzito lazima ukwanguliwe, sentimita moja au mbili tu, kisha chujio lipewe muda utando mpya uote kabla maji hayajarudishwa kwa wananchi. Kokoto lazima zioshwe. Bwawa la kwanza lazima liondolewe tope kila baada ya miaka michache. Nyasi za kingoni lazima zifyekwe. Matete lazima yavunwe, na mfereji wa kuingizia maji uzibuliwe. Asiyefanya hayo mwaka huu hataona kitu. Mwaka ujao ataona kidogo. Mwaka wa tatu atasema kwamba utafiti wa Chuo Kikuu haufai, na ataandika barua ya kuomba mashine kutoka ng'ambo.

Kosa hilo si la matete. Ni la ofisi iliyotenga fedha za kujenga na kukata utepe, ikasahau kutenga mshahara wa mtu mmoja mwenye koleo, reki na daftari. Katika bajeti nyingi mtu huyo hana fungu. Katika mradi wa aina hii, yeye ndiye injini.

Kwa hiyo wajibu uko kwa pande tatu.

Wa kwanza ni mtumishi wa umma. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yamewekwa chini ya RUWASA, na vijijini viko vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Muundo upo. Yafaa kila mradi unaoletwa mezani uulizwe swali kabla ya kutiwa sahihi: nani atakayeutunza, atalipwa na nani, na amefundishwa na nani? Mradi usio na majibu hayo urudishwe ulikotoka.

Wa pili ni Chuo Kikuu chenyewe. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala zinazochapishwa katika majarida ya ng'ambo, kwa Kiingereza. Hilo si baya. Ubaya ni pale ambapo mhudumu wa bwawa, ambaye ndiye mwenye kuushika utafiti huo mikononi, hawezi kusoma hata ukurasa mmoja wake. Haifai kusingizia kwamba Kiswahili hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, hapo hapo Mlimani, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Kila tasnifu ya uhandisi wa maji ingezaa kijitabu chembamba cha Kiswahili, chenye michoro, kinachomwambia mhudumu afanye nini Jumatatu na afanye nini masika yakianza.

Wa tatu ni mwalimu. Shule iliyo karibu na mto inayo maabara tayari. Wanafunzi wachote maji katika chupa nyeupe kila wiki, wayaache yatulie, wapime kimo cha tope lililojikusanya chini, waandike na tarehe. Baada ya mwaka mmoja kijiji kitakuwa na kumbukumbu ambayo mhandisi yeyote atashukuru kuipata kabla ya kuchora chujio. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtoto aliyeupima mto wake atakuwa mtu mzima asiyekubali uchafuliwe.

Ahadi ya mwaka 1971 ilikuwa ahadi ya mita 400. Katika makabati ya Mlimani iko sehemu ya majibu yake, imefungwa vizuri na kupigwa mhuri. Maji hushuka kutoka mlimani bila kuombwa. Elimu haina tabia hiyo. Lazima watu waipande, waibebe, na kuishusha hadi kijijini kwa mikono yao.